Mgeni wa Kafyu

Kabla ya kafyu, jioni zilikuwa zangu na mama.

Sipendi kusema hivi mbele ya mume wangu, maana naye alikuwa na haki na jioni zile, na watoto vilevile. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nashona katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area, na tukitoka kazini sikwenda Kayole moja kwa moja kama wenzangu. Nilikata kwa miguu hadi Majengo, Pumwani, kwenye nyumba niliyozaliwa, nyumba ya Kiswahili yenye kuta za udongo zilizopigwa lipu, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mama alikodi vyumba viwili vya mbele tangu nikiwa mdogo. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi barazani, kwa hiyo jioni ndipo alipokanda unga na kuloweka mbaazi za kesho. Mimi nilichambua mbaazi, yeye akikanda, na wote wawili tukiwasema watu. Adhana ya magharibi ikilia tulitandika mkeka tukasali, kisha akanipakulia chochote kilichokuwepo, na nikimaliza kula aliniambia, "Haya, nenda kwa watu wako."

Mimi ni mwanawe wa pekee. Baba alifariki nikiwa bado naenda chuoni kusoma Kurani, na tangu hapo tulikuwa wawili tu. Nilipoolewa nikahamia Kayole, majirani walisema mama atabaki peke yake. Mimi sikuona hivyo. Asubuhi alikuwa na wateja, jioni alikuwa na mimi.

Halafu korona ikaingia, na serikali ikatangaza kwamba ikifika saa moja jioni kila mtu awe ndani kwake mpaka alfajiri.

Siku kafyu ilipoanza nilitoka kazini pamoja na mji mzima. Kila mwenye kibarua Nairobi alitaka kufika kwake kabla ya saa moja, na magari yalikuwa yameamriwa kupunguza abiria. Pale steji tulikuwa tumeambiwa tusimame mbalimbali, lakini tulisimama hivi kwamba niliisikia pumzi ya mtu wa nyuma ikinipasha shingo. Barakoa zilikuwa kwenye videvu. Mzee mmoja alikohoa, watu wakamgeukia kwa macho makali, kisha gari likatokea na wote tukamsukuma yeye na wenzake ili tuingie. Habari ya kupitia Majengo haikuwepo.

Nilimpigia mama kabla hata sijavua viatu.

"Umefika salama?" akaniuliza.

"Nimefika. Umefunga mlango?"

"Tumefunga zamani."

"Mmefunga wewe na nani?"

Akasema, "Nina mgeni hapa."

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke muuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba. Alikuwa akirudi kwake Mathare na gunia mgongoni, saa ikamkuta pale barabarani, askari wakatokea na marungu, watu wakatawanyika vichochoroni. Yeye akaingia kichochoro chetu, akachutama nyuma ya jiko la mama pale barazani. Mama alikuwa anaingiza masufuria ndani. Akamwona, akamshika mkono, akamvuta ndani, akatia komeo.

"Anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Na humjui!"

"Sasa nitamjuaje kabla sijampa hata maji?"

Kesho yake yule mgeni aliondoka asubuhi. Jioni akarudi na kabichi kubwa, kumshukuru mama, na alipomaliza kushukuru saa ikawa imekwisha kukaribia. Akalala tena. Kufikia mwisho wa wiki gunia lake lilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha pili, kile nilichokuwa nalala mimi kabla sijaolewa. Mama alinieleza kwamba binamu wa yule mgeni, waliyekuwa wakikaa pamoja Mathare, alikimbilia kwao magharibi kabla njia za kutoka Nairobi hazijafungwa, na kwamba biashara ya mitumba hushika kasi ile saa ya mwisho, watu wakitoka kazini. Akilala Majengo, anauza mpaka dakika ya mwisho na kufika mlangoni bila kukimbizwa.

"Ni kafyu tu," mama akasema. "Ikiondolewa ataondoka."

Jumapili nilikwenda mchana kumwona. Kichochoro kilikuwa kimya. Mlangoni pa mama palikuwa na mtungi wa maji wenye mfereji, na kipande cha sabuni kimetiwa kwenye soksi na kuning'inizwa. Nikanawa, nikapiga hodi, nikaingia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye mwanya, kilemba cha kitambaa cha fulana kichwani. Mapajani alikuwa na sinia, na kwenye sinia kulikuwa na mbaazi.

"Karibu dada," akasema, akainuka haraka. "Wewe ndiye mwenyewe! Nyanya anakutaja kila saa. Keti hapa, mimi nitakaa chini."

Nimekaribishwa sehemu nyingi maishani. Sijawahi kukaribishwa kwetu. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto lake, nikamwangalia akikaa mkekani na kuendelea na mbaazi. Alizichambua kwa vidole viwili, upesi, bila kutazama, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni. Nikatafuta kosa. Nikaiona mbaazi mbovu moja imebaki, nikaitoa.

"Macho yako makali dada," akacheka.

Mama akatoka chumbani akanishika mashavu kama kawaida yake, halafu akakumbuka korona akaniachilia. "Umekonda," akaniambia. Kisha akamgeukia yule. "Chai imechemka?"

"Imechemka, nimeshaitia tangawizi."

Mama hunywa chai ya tangawizi na iliki kidogo sana, na mimi ndiye niliyekuwa najua kipimo. Nikaionja. Ilikuwa sawasawa. Nilitamani iwe mbaya.

Kule Kayole, kafyu ilikuwa mazungumzo ya kila ngazi ya jengo letu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kazi yake huja jioni, wenye nyumba wakirudi. Aliichukia kafyu kwa moyo wote. "Kwani hiki kidudu hulala mchana?" alikuwa akiuliza. "Asubuhi tunabanana sokoni, jioni tunabanana steji, halafu usiku ndio tunalindwa. Hii ni ya kutusumbua tu, bana." Chini ya jengo letu kulikuwa na baa. Saa moja ikifika mwenye baa alishusha mlango wa chuma, lakini waliokuwa ndani walibaki ndani. Hawakuweza kutoka mpaka alfajiri, basi walikunywa mpaka alfajiri, madirisha yamefungwa ili sauti isisikike nje. Asubuhi tuliwaona wakitoka mmoja mmoja, macho mekundu, na kikohozi kwa mbali.

Mimi nilikuwa namwitikia mume wangu kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndiyo, kafyu haina faida. Ndiyo, inabananisha watu. Lakini sikuwa nafikiria steji wala baa. Nilikuwa nafikiria chumba kimoja Majengo, mlango umetiwa komeo, na mwanamke asiye ndugu yetu amekaa na mama yangu kuanzia saa moja mpaka usingizi uwachukue. Mimi nilikuwa nikipata muda wa saa moja au mbili kila jioni. Yeye amepewa na serikali jioni nzima.

Simu zetu zikawa fupi. Zamani mama alikuwa akinisimulia kila kitu: nani ameoa, nani amegombana na mwenye nyumba. Sasa nikimwuliza habari alikuwa akisema, "Aa, nzuri tu," kwa kuwa habari alikuwa ameshazimaliza kwa mtu mwingine. Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga sufuria, na mara nyingine kicheko chao. Mama alikuwa akimwambia yule kitu kwa pembeni, "Zima, zima, linaungua," halafu anarudi kwangu, "Ehe, ulikuwa unasemaje?"

Mwezi wa Ramadhani ukaingia katikati ya kafyu. Misikiti ilifungwa. Ulikuwa ni Ramadhani wa kwanza maishani mwangu nisiofuturu na mama hata siku moja, maana futari na kafyu vilikuwa karibu karibu, na Kayole ni mbali. Nilifuturu na mume wangu na watoto, uji na viazi vitamu, nikampigia.

"Mmefuturu nini?"

"Tambi na muhogo wa nazi. Na huyu mwenzangu amefunga leo siku ya tatu, unajua? Nimemwambia si lazima, yeye ni Mkristo, anasema hawezi kula nami namtazama."

"Amefunga!"

"Na kichwa kilimuuma siku ya kwanza, masikini. Leo hajambo."

Mume wangu aliniona ninavyoshika simu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Nikaosha vyombo kwa kelele. Mtu amefunga kwa ajili ya kumpa mama kampani, na mama anamwonea huruma kwa kichwa, na mimi niliyefunga tangu nikiwa na miaka saba nani ameniuliza habari ya kichwa changu?

Siku ya Idi nilitoka Kayole asubuhi na wanangu, tumevaa, nimebeba biriani. Nikawakuta wamefanya mkate wa kumimina. Mama hupika mkate wa kumimina mara moja kwa mwaka, na kila mwaka nilikuwa nikimwambia anifundishe, naye husema, "Mwakani, leo nina haraka." Huu ulikuwa umepanda vizuri, umekauka juu rangi ya dhahabu. Nikamsifu mama.

"Si mimi," mama akasema kwa fahari. "Ni mkono wake. Nilikaa tu hapa nikimwelekeza."

Yule mwanamke alikuwa amevaa dera la mama, la zambarau, lile la kutokea. Lilimfika juu ya vifundo kwa urefu wake. Aliwapa wanangu kila mmoja fulana kutoka kwenye gunia lake, nzuri, karibu mpya, na wanangu wakamng'ang'ania shingoni. Niliukata ule mkate nikaula. Ulikuwa mtamu hata nikakasirika.

Alipotoka kwenda kuteka maji, nikamwambia mama niliyokuwa nimeyaweka moyoni.

"Mama, huyu anashinda Gikomba. Gikomba kuna watu wa kila pembe. Wewe ni mtu mzima, una presha. Ugonjwa huu unawatafuta watu kama wewe. Kafyu imewekwa ili kila mtu akae na watu wake."

"Na yeye watu wake ni akina nani?"

"Sijui. Si sisi."

"Wewe unatoka kiwandani na wanawake wangapi? Nikufukuze na wewe?"

"Mimi ni mwanao!"

"Korona inajua?" mama akauliza.

Kwenye kizingiti alikuwa amesimama dada wa afya, mmoja wa wale wa kujitolea wanaopita mlango kwa mlango Majengo na Gikomba kuwaeleza watu. Alikuwa amekuja kumpa mama mkono wa Idi, wa kiwiko kwa kiwiko. Nikamvuta katika maneno yetu, nikitarajia atakuwa upande wangu.

"Mwambie mama. Si ni hatari?"

Akafikiri. Alikuwa mwanamke mtaratibu. "Ni hatari, sitakuficha. Kafyu inasaidia kitu kimoja: imefunga ngoma, harusi, vilabu, watu kukesha pamoja. Hilo nimeliona kwa macho yangu hapa Majengo. Lakini ikishafunga mlango, haina habari na waliomo ndani. Hapo inategemea mlivyokaa. Dirisha lifunguliwe, mtu akijisikia vibaya alale peke yake. Na ule msongamano wa kabla ya saa moja..." akatikisa kichwa. "Huo mimi ningeweza, ningeuondoa kesho."

Yule mwanamke alikuwa amerudi na ndoo zake mbili. Sikujua amesikia kiasi gani. Aliweka maji, akanawa mikono, akanitazama bila ubaya, akasema, "Dada, chumba nilichokuwa nacho Mathare wamepewa watu wengine. Lakini nikiambiwa nitoke, nitatoka."

"Hakuna anayetoka," mama akasema. "Leo ni Idi."

Haukupita muda mrefu, yule mwanamke akaanza kukohoa.

Sikuambiwa na mama. Niliambiwa na jirani wa ukumbini, aliyenipigia simu mchana nikiwa nyumbani. Kiwandani walikuwa wamepunguza zamu, tunaingia siku moja na kukaa siku moja. Nikavaa nikaenda. Njia nzima nilikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine kama furaha. Nilisema. Si nilisema?

Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa na dirisha limefunguliwa wazi. Mama akaja dirishani, leso ameizungusha kuanzia puani mpaka kidevuni, macho tu nje.

"Usiingie," akaniambia.

"Nimekuja kukutoa. Utakaa kwangu Kayole."

"Niwapelekee watoto ugonjwa? Rudi."

"Basi yeye aende hospitali."

"Dada wa afya ameshakuja. Anasema anapumua vizuri, alale chumba cha ndani, anywe vitu vya moto, akishindwa kupumua apelekwe. Mimi nampelekea chakula mlangoni."

"Mama, acha mtu mwingine ampelekee! Kwa nini iwe wewe?"

"Nani? Ukumbi mzima umemkimbia."

"Utaingia maradhini kwa ajili ya mtu baki!"

Mama akaishusha leso kidogo ili nimsikie vizuri. "Mwanangu, mimi nimeshaingia. Wewe ndiye bado uko nje. Kaa huko huko."

Nimekumbuka mara nyingi nilivyosimama pale kichochoroni na mfuko wa ndimu na tangawizi. Najua alikuwa akinikinga. Mtu yeyote mwenye akili angejua. Lakini nilichokiona mimi ni mama yangu yuko ndani na mwingine, na mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yeye. Nikauning'iniza ule mfuko kwenye kitasa cha dirisha, nikaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata nilikuja kila nilipokuwa huru. Niliacha uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, machungwa, supu ya kongoro. Sijui ni nani aliyekuwa akivila. Mama alikuwa akinieleza kupitia dirishani: leo amekula, leo amekaa kitako, leo homa imeshuka. Nilijikuta nahesabu maneno. Kumi ya yule, moja langu.

Halafu nilipiga simu alasiri moja, ikaitikiwa na yule mwanamke, sauti imekauka.

"Dada, mama amelala. Ana joto. Lakini usiogope, anapumua sawa, nimemhesabia."

Nikaketi kwenye ngazi za jengo letu. Niliogopa, ninaapa. Lakini sikio langu lilikuwa limenasa kitu kingine. Alisema "mama amelala." Zamani alikuwa akimwita nyanya.

"Mpe simu," nikamwambia.

"Amelala dada."

"Nimesema mpe simu mama yangu."

Akampa. Mama akasema maneno mawili matatu kwa uchovu, kwamba anapata maji, kwamba hana njaa, kwamba nisilie. Kisha yule mwanamke akarudishiwa simu, naye akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa mwingine, "Nitakupigia magharibi na asubuhi. Ukitaka nikupigie saa nane pia, nitapiga."

Alipiga. Hakukosa hata mara moja. Alikuwa amepata nafuu nusu tu, bado anakohoa kati ya maneno, lakini alinieleza mama amekunywa nini, amekwenda haja vipi, amelala ubavu gani. Mume wangu alisikia simu moja akaniambia, "Huyo dada ni mtu, lakini." Sikusema naye jioni ile yote.

Mama akapona. Haikuchukua muda mrefu, na presha haikumzidi, Mungu alimhurumia. Kilichobaki ni pua. Hakusikia harufu hata ya kitunguu kikiungua. Aliporudi kwenye mahamri yake hakuweza kujua kama iliki imetosha, na wateja wa Majengo ni wepesi kulalamika. Basi yule mwanamke akawa pua yake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda Gikomba, alinusa unga na kuonja mbaazi, akasema, "Mama, ongeza," au "Hapo hapo." Nilipomwambia mama kwamba mimi najua iliki yake kuliko mtu yeyote duniani, akaniambia, "Najua, mwanangu. Lakini alfajiri uko Kayole."

Nikamwuliza yule mwanamke siku moja, dirishani bado, yeye ndani, mimi nje. "Korona uliipata wapi?"

Nilitaka akane nipate la kumjibu. Hakukana. "Mimi nafikiri ni Gikomba, ile saa ya kufunga. Watu walikuwa wakinunua huku wanasukumana, kila mtu anakimbilia saa moja. Mwanamke mmoja alipiga chafya juu ya nguo zangu, nikazikung'uta, nikaendelea kuuza. Lakini pia mama alikuwa anauza mahamri kwa watu wote hawa. Na wewe ulikuja Idi." Akainua mabega. "Nimeiwaza sana dada. Sikupata jibu."

Mimi pia sikupata. Watu huniuliza mpaka leo, tukikumbuka mwaka ule, kama kafyu ilisaidia. Mume wangu bado anasema ilikuwa upuuzi. Dada wa afya bado anasema kwamba bila kafyu, harusi za Majengo peke yake zingetumaliza. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, na hilo linaniudhi, maana nilitaka sana iwe upuuzi. Ilizima ngoma, ikawasha steji. Iliwatenga waliokuwa wakikutana, ikawafungia pamoja wasiojuana. Mama yangu ilimletea ugonjwa, labda, na ikamletea wa kumuuguza. Mimi ilininyang'anya jioni zangu.

Saa ya kafyu iliposogezwa hadi saa tatu, nikaanza tena kupita Majengo baada ya kazi. Siku ya kwanza nilikwenda karibu nakimbia. Nikawakuta wote wawili. Yule mwanamke aliponiona alichukua kigoda kingine akatoka nacho nje barazani, akasema anapunga upepo. Nilielewa kwamba ananipisha. Nikakaa mahali pangu, nikavuta sinia.

Mama alikanda, mimi nikachambua. Nikamsimulia habari za kiwandani, jinsi tulivyoacha kushona suruali tukawa tunashona barakoa. Akaitikia. Nikamsimulia mwanangu wa kwanza na masomo ya redio. Akaitikia. Kisha akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Kwani amekwenda wapi? Mwite, baridi hiyo, na kifua chake bado."

Nikamwita.

Kafyu iliondolewa kabisa, na mama alikuwa amesema ikiondolewa yule mgeni ataondoka. Aliondoka kweli. Alihamia chumba cha nyumba inayotazamana na ya mama, ukitema mate yanafika. Anaingia kwa mama kabla ya kwenda sokoni na akirudi. Soko la Gikomba likiungua, kama linavyoungua mara kwa mara, mizigo yake huja kuwekwa chini ya kile kitanda. Nilipohamishwa zamu kazini nikawa natoka nimechelewa, yeye ndiye aliyempeleka mama kliniki ya macho, akanipigia simu kunieleza kila kitu kama zamani. Namshukuru. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu, nikamshonea na gauni la kitambaa kizuri, refu la kumtosha.

Lakini wivu haukuondolewa na tangazo la serikali. Wiki iliyopita nilifika jioni nikiwa na maziwa. Kabla sijapiga hodi niliwasikia wanacheka ndani, mama hasa, kicheko kile cha kukatika pumzi ambacho humtoa machozi. Nilipoingia walijaribu kunyamaza, wakaangaliana, wakaanza upya.

"Nini?" nikauliza, nami natabasamu tayari.

"Hebu mweleze," mama akasema, akijifuta macho.

Yule mwanamke akanieleza. Ilikuwa habari ya mteja mmoja, na kofia, na bata wa jirani. Alijitahidi, hata akasimama kuonyesha alivyotembea yule bata. Sikuona cha kuchekesha hata kidogo. Nikacheka, nimechelewa kidogo, wao wakiwa wameshamaliza. Kisha nikavua viatu, nikanawa, nikamwambia mama asogee kidogo mkekani.